Farasi wa Karatasini na Farasi wa Magurudumuni: Namna ya Kukagua Nguvu na Vifaa vya Kiwandani vya Magari ya Michezo ya Kiingereza ya Zamani

Tangazo la kuuza Triumph TR6 likisema kwamba gari lina nguvu za farasi 150, ovadraivu ya kiwandani (kifaa cha giaboksi kinachopunguza mizunguko ya injini) na rimu za spoku lilizozaliwa nazo, mnunuzi amepewa madai matatu yanayotaka ukaguzi wa aina tatu. Dai la kwanza linategemea mwaka wa gari, soko lililokusudiwa na kanuni ya upimaji iliyotumika wakati huo. Dai la pili linaweza kupata ushahidi wake katika herufi moja tu iliyopigwa kwenye kibati cha namba. Dai la tatu linamtaka mtu apige magoti na kutazama kitovu cha gurudumu kwa tochi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyapima madai ya aina hiyo katika magari ya michezo yaliyotengenezwa Uingereza kati ya miaka ya 1930 na 1980, hasa MG, Triumph, Austin-Healey na Jaguar, kwa kuwa hayo ndiyo yanayopatikana zaidi sokoni.

Mpangilio wa kazi una maana yake. Wanunuzi wengi huanza na namba ya nguvu, wakaipenda, kisha wakatafuta sababu za kuiamini. Ni afadhali kuanza na utambulisho wa gari, kufuata na kumbukumbu za kiwanda, kisha kukagua chuma chenyewe, na namba ya nguvu kuijia mwisho, kwa sababu namba hiyo haina maana mpaka ijulikane ni ya injini ipi, ya mwaka gani, na ilipimwa vipi.

Utambulisho wa gari

Tuchukue MGB, lililotengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980. Namba ya gari la wazi la miaka ya mwanzo huanza na GHN3, na ya lile lenye paa la kudumu, yaani GT, huanza na GHD3. Herufi G ni ya MG. Herufi H huonyesha kundi la ujazo wa injini, kati ya sentimita za ujazo 1400 na 1999. Herufi N ni gari la wazi la viti viwili, na D ni kupe, yaani gari lenye paa la kudumu. Tarakimu inayofuata ni ya toleo, ndiyo maana magari ya baadaye husomeka GHN5 na GHD5. Kwa mantiki hiyo hiyo, MGC yenye injini ya silinda sita huanza na GCN1 ikiwa ya wazi, na MGB GT V8 huanza na GD2D1. Baada ya mwanzo huo, herufi L humaanisha kwamba gari liliundwa na usukani wa kushoto.

Jambo la herufi L lisipuuzwe na mnunuzi wa Afrika Mashariki. Gari linaloonekana leo na usukani wa kulia huenda lilitoka kiwandani na usukani wa kushoto, likageuzwa miaka mingi baadaye. Kwa kuwa MGB nyingi za usukani wa kushoto zilikwenda Marekani, gari kama hilo linaweza kuwa na injini iliyopunguzwa nguvu kwa ajili ya sheria za moshi za huko, hata kama muuzaji anakusomea takwimu za kijitabu cha Uingereza.

Namba ya injini ya MGB hueleza zaidi. Mwanzo wa 18G na 18GA ni wa injini zenye beringi kuu tatu za kranki, na 18GB, iliyoanza mwishoni mwa 1964, ni ya beringi tano. Herufi zinazofuata zina siri ya giaboksi na mgandamizo: 18GB-U-H ni injini ya mgandamizo wa juu iliyofungwa giaboksi isiyo na ovadraivu, na 18GB-RU-H ni ile iliyofungwa ovadraivu. Herufi L mahali pa H humaanisha mgandamizo wa chini, toleo lililokusudiwa nchi ambazo petroli yake ilikuwa ya oktani ndogo, na ambalo haliwezi kutoa nguvu zilizotajwa katika tangazo la Kiingereza. Ila kumbuka kwamba namba hiyo iko kwenye kibati kidogo kilichopigiliwa ribiti kwenye bloku, na kibati cha ribiti huhamishika. Ribiti mpya zinazong'aa juu ya bloku chakavu ni sababu ya kuuliza maswali.

Kwa Triumph utaratibu ni mwingine. TR6 zenye mfumo wa Lucas wa kunyunyizia mafuta zilianza na herufi CP kwa magari ya 1969 hadi 1972, kisha CR hadi uzalishaji wa toleo hilo ulipokoma mwaka 1975. Zile za Marekani, zenye kabureta mbili za Stromberg, zilianza na CC, kisha CF, na ziliendelea hadi 1976. Herufi O mwishoni mwa namba huonyesha kwamba ovadraivu ilifungwa kiwandani. Katika magari ya CF, herufi U ni ya soko la Marekani. Mtu akikuambia kwamba TR6 yake ni ya thamani kwa sababu namba ya injini na ya chasisi ni moja, elewa kwamba amechukua lugha ya magari ya aina nyingine: Triumph walihesabu injini na magari katika safu mbili tofauti, na namba hizo hazikuwahi kufanana. Kinachoziunganisha ni daftari la kiwanda pekee.

Injini za Jaguar za familia ya XK zina adabu zaidi kwa mkaguzi. Namba ya injini hupigwa juu ya bloku karibu na filta ya oili, na kurudiwa mbele ya silinda hedi, kwa hiyo hedi iliyobadilishwa hujisema yenyewe. Mwishoni mwa namba kuna mkwaju na tarakimu 7, 8 au 9, ambayo ni uwiano wa mgandamizo. Katika XK140, iliyouzwa kati ya 1954 na 1957, injini ya kawaida ilitangazwa kuwa na nguvu 190, na ile yenye hedi ya aina ya C ilitangazwa 210. Injini hiyo ya pili hubeba herufi S baada ya tarakimu ya mgandamizo, na hedi yenyewe ina herufi C iliyosubiwa pamoja na chuma katika bonde la plagi. Hedi hizo zilipakwa rangi nyekundu, lakini rangi isichukuliwe kuwa ushahidi, maana kopo la rangi nyekundu ni rahisi kupatikana kuliko hedi ya aina ya C.

Kumbukumbu za kiwanda, na mahali zinapoishia

Kumbukumbu za uzalishaji za MG, Triumph, Austin na Austin-Healey zimehifadhiwa na British Motor Museum huko Gaydon, na za Jaguar zimehifadhiwa na Jaguar Daimler Heritage Trust. Taasisi hizo mbili hutoa vyeti kwa malipo. Cheti cha kawaida hutaja namba ya gari, namba ya injini iliyofungwa siku ya kuundwa, rangi ya nje, rangi ya viti, tarehe ya kuundwa, nchi au wakala gari lilikopelekwa, na vifaa vya hiari vilivyofungwa kiwandani. Kiagize kabla ya kulipa gari, au umtake muuzaji akiagize. Muuzaji anayedai mambo makubwa na hajawahi kuomba cheti anastahili kuulizwa kwa nini.

Cheti kina mipaka. Hakisemi lolote kuhusu vitu vilivyofungwa na wakala kabla ya kumkabidhi mteja, na katika Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 wakala walifunga vitu vingi: redio, taa za ukungu, rafu ya mizigo juu ya buti, mara nyingine hata mikanda ya usalama. Vitu hivyo ni vya zama zake kihalali, ila si vya kiwandani, na bei yake haipaswi kuwa ya kiwandani. Vilevile cheti huonyesha gari lilivyokuwa siku moja tu. Gari linaweza kuwa na cheti kisafi na injini ya mwaka mwingine.

Hakuna mfano unaoonyesha pengo hili vizuri kuliko Austin-Healey 100M. Gari la kawaida, Austin-Healey 100, lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 2660 na nguvu 90. Baada ya magari ya Healey kushiriki mbio za Le Mans mwaka 1953, kampuni ya Donald Healey ya Warwick ilianza kuuza seti ya vifaa iliyoitwa ya Le Mans: kabureta mbili kubwa za SU zenye mdomo wa inchi 1¾, kisanduku cha kupitisha hewa baridi, kamshafti kali zaidi na vinginevyo. Mteja aliweza kuifunga seti hiyo kwenye gari lake mwenyewe, nayo ilileta nguvu takriban 100. Kisha, mwaka 1955 na 1956, likaja toleo rasmi la 100M juu ya modeli ya BN2, lenye seti hiyo pamoja na pistoni za mgandamizo wa juu, boneti yenye matundu ya kupumulia na mkanda wa ngozi wa kuifunga, na nguvu zilizotangazwa kuwa 110. Yaliyotoka rasmi kama 100M ni takriban 640.

Kwa hiyo leo kuna magari ya makundi matatu yanayofanana machoni. Kuna 100M halisi. Kuna magari yaliyofungwa seti ya Le Mans na mwenyewe au wakala katika miaka ile ile ya 1950. Na kuna yaliyovishwa boneti yenye matundu iliyotengenezwa juzi, pamoja na mkanda mpya wa ngozi. Kundi la pili lina heshima yake, na mimi binafsi naona hudharauliwa kupita kiasi, kwa sababu ni gari lililotumika kama lilivyokusudiwa kutumika. Lakini si 100M, na ni cheti pekee kinachoweza kulitenga na kundi la kwanza. Pistoni haziwezi kuonekana bila kufungua injini, ingawa kipimo cha mgandamizo wa silinda humpa fundi mwanga fulani. Kuhusu 100S, gari la mashindano lenye nguvu 132, mwili wa alumini na breki za diski magurudumu yote manne, yalijengwa 50 tu kwa ajili ya wateja, na kila moja linajulikana kwa namba yake. Ukiuziwa kwa bei nafuu, ondoka.

Kukagua chuma

Ovadraivu ni kifaa cha hiari kilichotafutwa kuliko vyote katika magari haya, kwa sababu hupunguza mizunguko ya injini barabara kuu bila kupunguza mwendo. Namna rahisi ya kuipima ni kuendesha gari katika gia ya nne likiwa na mizunguko 3000 kwa dakika, kisha kuwasha swichi: katika MGB mshale unapaswa kushuka kwa karibu moja ya tano, hadi karibu 2400 au 2450, mwendo ukibaki ule ule. Mshale ukishuka taratibu, au ukapanda tena gari linapovuta mlima, mfumo unateleza, mara nyingi kwa sababu ya oili chafu au shinikizo dogo. Mshale usiposhuka kabisa, huenda kasoro ni ya waya tu. Ingia chini ya gari uone kama mkia wa giaboksi una kasha la ovadraivu na solenoidi yake. Nimeona swichi nzuri kabisa ya ovadraivu kwenye dashibodi ya gari ambalo giaboksi yake haikuwa nayo.

Kwa TR6 kuna ushahidi wa nyongeza. Magari ya mwanzo yalitumia ovadraivu ya Laycock ya aina ya A, iliyofanya kazi katika gia ya pili, ya tatu na ya nne. Yale ya kuanzia modeli ya 1973 yalitumia aina ya J, iliyofanya kazi katika gia ya tatu na ya nne pekee. Gari la namba ya CP ambalo ovadraivu yake haiingii katika gia ya pili huenda limebadilishiwa giaboksi, au swichi zake za ndani zimeharibika. La kwanza hubadilisha thamani, la pili hubadilisha gharama ya gereji.

Rimu za spoku zinataka jicho la karibu. Gari lililotoka kiwandani na spoku lina vitovu vyenye meno, na gurudumu huingia juu ya meno hayo na kukazwa kwa nati moja kubwa ya katikati. Siku hizi huuzwa adapta za meno zinazofungwa juu ya boliti nne za rimu ya kawaida, nazo huruhusu gari lolote kuvaa spoku. Ondoa gurudumu la nyuma: ukiona adapta iliyokazwa kwa nati nne juu ya kitovu cha kawaida, spoku zimekuja baadaye. Katika MGB zenye ekseli ya nyuma ya mirija kuna jambo jingine: ekseli ya gari la spoku ilitengenezwa fupi kidogo, ili gurudumu lisitokeze nje ya bodi. Gari lenye adapta juu ya ekseli ya kawaida hujulikana kwa matairi yaliyosogea nje, na hukwaruza matao ya bodi likipakia watu wawili wazito na mizigo.

Kuhusu MGB ya V8 jibu ni fupi. Kiwanda cha Abingdon kilitengeneza V8 kati ya 1973 na 1976 tu, jumla 2591, na zote zilikuwa GT. Gari la wazi la MGB la miaka hiyo lenye injini ya V8 ya Rover limebadilishwa na mtu, hata likiwa limebadilishwa kwa ufundi mkubwa. GT isiyo na mwanzo wa GD2D1 ni hivyo hivyo.

Msomaji atashangaa kujua kwamba hata hita ilikuwa ya hiari katika MGB za mwanzo zilizouzwa Uingereza, pamoja na fito ya mbele ya kuzuia gari kulala kwenye kona. Vitu hivyo vikikosekana katika gari la 1963, si lazima viwe vimeibwa.

Namba ya nguvu ilitoka wapi

Sasa tunaweza kuizungumzia namba. Katika hati za Kiingereza za kabla ya mwisho wa miaka ya 1940 kuna namba inayoitwa nguvu za farasi ambayo haipimi nguvu kabisa. Ni kipimo cha kodi kilichobuniwa mwaka 1910 kwa jina la Royal Automobile Club, na kuanzia 1921 mwenye gari alilipa pauni moja kwa kila farasi wa aina hiyo. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha kipenyo cha silinda katika inchi kwa chenyewe, zidisha kwa idadi ya silinda, kisha gawanya kwa 2.5. MG TC, yenye silinda nne za kipenyo cha milimita 66.5, yaani inchi 2.618, hupata 10.97, na ndiyo maana iliandikwa kuwa gari la farasi 11, wakati injini yake ya sentimita za ujazo 1250 ilitoa nguvu halisi zipatazo 54. Kwa kuwa kodi haikujali mwendo wa pistoni, wahandisi walipunguza kipenyo na kurefusha mwendo: pistoni ya TC husafiri milimita 90. Majina ya zamani yenye namba mbili, kama MG 14/40 ya 1927, hubeba hesabu hizo mbili kwa pamoja, ya kwanza ikiwa ya kodi na ya pili ikiwa ile iliyodaiwa kuwa nguvu halisi. Ukikuta namba ndogo isiyoeleweka katika hati ya gari la zamani, fanya hesabu hiyo kabla ya kumlaumu muuzaji.

Namba za baada ya vita ni za injini iliyofungwa kwenye breki ya kupimia, lakini hapo pia kuna njia zaidi ya moja. Katika upimaji wa jumla, uliopendwa sana Marekani na ukaigwa na baadhi ya watengenezaji wa Uingereza waliouza huko, injini ilipimwa ikiwa imevuliwa vitu vinavyoila nguvu: feni, kisafisha hewa, wakati mwingine oltaneta, na ekzosi ya gari ikibadilishwa na mabomba ya wazi ya karakana. Katika upimaji wa Kijerumani wa DIN, injini hupimwa ikiwa na viungo vyote inavyobeba barabarani. Wamarekani wenyewe walihamia upimaji halisi wa namna hiyo kwa modeli za 1972. Isitoshe, farasi wa Kijerumani ni wati 735.5 na wa Kiingereza ni wati 745.7, tofauti ya kama asilimia 1.4, ambayo ni ndogo kiasi kwamba unaweza kuisahau isipokuwa unapobishana.

Tofauti ya upimaji wenyewe haisahauliki. Jaguar E-Type ya silinda sita ilitangazwa Geneva mwaka 1961 ikiwa na nguvu 265, za jumla. E-Type ya V12 ya 1971, yenye injini ya sentimita za ujazo 5343, ilitangazwa 272, za DIN. Mtu anayezisoma namba hizo mbili bega kwa bega ataona kwamba lita moja na nusu za ziada na silinda sita za ziada zimeleta farasi saba tu, jambo ambalo halina akili. Kilichobadilika ni mizani. Triumph Spitfire inaonyesha kinyumenyume: Mk3 ya sentimita za ujazo 1296 ilitangazwa 75, na Mk IV ya ujazo huo huo ikatangazwa 63. Sehemu ya upungufu huo ni ya kweli, kwa sababu ya mabadiliko ya kupunguza moshi, na sehemu ni ya DIN.

TR6 tuliyoanza nayo ni kesi ya kuchambuliwa kwa subira. Magari ya CP yalitangazwa 150, na ya CR yalitangazwa takriban 124 au 125 kwa DIN. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha kamshafti na kuweka iliyo laini zaidi, kwa sababu ile ya mwanzo iliifanya injini itetemeke ikiwa imesimama, na wakati huo huo kikabadilisha namna ya kupima. Kwa hiyo anayesema kwamba CR imepoteza farasi 25 anatia chumvi, na anayesema kwamba hakuna kilichopotea naye anatia chumvi. TR6 ya Marekani yenye kabureta, ya miaka hiyo hiyo na ujazo huo huo wa sentimita 2498, ilitangazwa karibu 104. Dai la 150 basi linakubalika kwa gari la CP lenye injini ya CP na mfumo wake wa kunyunyizia mafuta. Kwa mengine, ni maneno ya soko. Nayo MGB, iliyoanza na 95 mwaka 1962, ilifika katika matoleo ya mwisho ya Marekani, yenye kabureta moja ya Stromberg, ikiwa na 62.5.

Sunbeam Tiger, lililoundwa na Jensen kwa ajili ya Rootes kuanzia 1964, lilipewa nguvu 164, lakini injini ni ya Ford ya Marekani na namba ni ya jumla ya Kimarekani. Usiilinganishe na gari la DIN.

Kuna jaribio moja la kalamu linalofaa kufanywa kwa kila kijitabu cha mauzo. Zidisha nguvu iliyotangazwa kwa 5252, gawanya kwa mizunguko ambayo nguvu hiyo hupatikana, nawe utapata msokoto wa injini kwa ratili-futi katika mizunguko hiyo. Linganisha na msokoto wa juu uliotangazwa. MGB ya 95 kwa mizunguko 5400 hutoa takriban 92, dhidi ya msokoto wa juu wa 110. Yaani injini imebaki na asilimia 84 ya pumzi yake kileleni, jambo la kawaida kabisa. TR6 ya 150 kwa mizunguko 5500 hutoa 143 dhidi ya 164, asilimia 87. E-Type ya lita 3.8, yenye 265 kwa mizunguko 5500, hutoa 253 dhidi ya msokoto wa juu wa 260 uliotangazwa kwa mizunguko 4000: asilimia 97. Injini ya kamshafti mbili hupumua vizuri juu, lakini asilimia 97 ni dalili ya namba ya jumla iliyokunwa mgongo na idara ya mauzo. Jaribio hili halithibitishi udanganyifu. Linakuonyesha namba ipi ichukuliwe kwa tahadhari.

Hesabu hiyo hiyo ya msokoto hueleza kwa nini MGC yenye nguvu 145 ilishindwa barabarani na MGB GT V8 yenye nguvu 137. V8 ilikuwa na ratili-futi 193 kwa mizunguko 2900, na MGC 170 kwa mizunguko 3400, huku injini ya MGC ikiwa ya chuma kizito na ya Rover ikiwa ya alumini. Katika majaribio ya magazeti ya wakati ule V8 ilifika maili 60 kwa saa chini ya sekunde 9, na MGC ilichukua kama 10.

Kupima gari lililo mbele yako

Yote yaliyotangulia ni ya injini mpya kiwandani. Gari la miaka 50 linapimwa kwenye dainamomita ya magurudumu, na usomaji wake huwa chini kwa sababu giaboksi, difu na matairi hula nguvu njiani. Kadirio linalotumiwa na mafundi wengi ni asilimia 15. MGB ya miaka ya 1970 iliyotangazwa takriban 84 kwa DIN, ikiwa na afya njema, itaonyesha kama 71 magurudumuni, na mwenye gari hana sababu ya kununa. Mwambie mwendeshaji wa mashine akupe mchoro mzima wa msokoto na nguvu, pamoja na joto na shinikizo la hewa la siku hiyo, na akueleze kama namba zake zimesahihishwa kwa hali ya hewa na kama amejumlisha makadirio ya hasara ili kukupa nguvu za kwenye kranki. Namba isiyo na maelezo hayo ina kasoro ile ile ya kijitabu cha mauzo.

Mwinuko nao una hesabu yake, na hapa msomaji wa Nairobi anahusika moja kwa moja. Injini yenye kabureta isiyo na chaja ya hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko juu kwa zaidi ya mita 1600, kwa hiyo upotevu ni kama asilimia 17, na MGB yetu iliyosoma 71 Mombasa au Dar es Salaam itasoma karibu 59 Nairobi bila kuwa na ugonjwa wowote. MG, Triumph na Jaguar za enzi hizo huonekana katika maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza Nairobi mwaka 1970, na wamiliki wake wanaolinganisha namba zao na za Uingereza wanapaswa kuomba zile zilizosahihishwa.

Kabla ya kukubali kwamba upungufu wote ni wa hewa nyembamba, fundi aangalie kabureta. SU hupima mafuta kwa sindano nyembamba iliyochongwa kwa mkunjo maalumu, na sindano iliyochaguliwa kwa usawa wa bahari humwaga mafuta mengi kupita hewa iliyopo milimani. Plagi zikitoka na masizi meusi makavu, pandisha nati ya kurekebisha mchanganyiko kuelekea upande wa wembamba kwa hatua ndogo, pima tena, na ikibidi badilisha sindano zote pamoja kwa aina inayotoa mchanganyiko mwembamba zaidi, kamwe si moja peke yake. Andika alama ya sindano uliyotoa na uliyoweka, na uihifadhi karatasi hiyo pamoja na mchoro wa dainamomita na cheti cha Gaydon.